Siku Nilipomnyima Maiki Mjomba wa Akinyi

Kama mmeshaiona ile video ya mwanamke mwenye nguo nyeusi na kola nyeupe amepiga magoti kwenye matope kando ya gari, naomba mniambie mapema nisijisumbue kuanza mbali, maana huyo mwanamke ni mimi, na aibu ya siku hiyo bado sijaimaliza. Hata leo nikiingia darasani nikaona wanafunzi wa nyuma wameinamia simu wanacheka, moyo unasimama kwanza ndipo niwasalimie. Wanaoisambaza huwa wanaikata. Wanaonyesha magoti tu, yaliyotangulia hawayaonyeshi. Basi acha niwasimulie yote, mkitaka kunicheka mnicheke mkijua mnacheka nini.

Mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu hapa Nairobi. Nafundisha theolojia ya siasa na falsafa ya dini (marehemu mama yangu aliwaambia majirani kwamba nafundisha CRE, somo la dini la shuleni, ila ya watu wazima, na mpaka leo sijapata maelezo mazuri kuliko hayo). Kazi yangu ni kuuliza mtawala anapata wapi haki ya kuamuru, kanisa likae karibu naye kiasi gani, na mtu akisimama akasema Mungu ndiye amemchagua, tumjibu vipi. Nimeandika kitabu kimoja kizito juu ya mambo hayo, kimesomwa na watu ambao karibu wote nawajua kwa majina, na ndani yake nimesema kwa njia nyingi jambo moja, kwamba maiki ya kanisa si kitu cha kumwazima mwanasiasa. Kitabu hicho ndicho kilikuwa kinanipandisha cheo. Wiki ile ile ya mkasa nilikuwa natayarisha mhadhara wa kutoa mbele ya wakubwa wa kitivo, na usiku nilikuwa nausoma kwa sauti mbele ya kioo kama mtu anayetaka kuoa.

Siku hizi naishi Kawangware, lakini nimezaliwa na kulelewa Kibera, Kisumu Ndogo, mlango unaotazamana na mlango wa Mama Otieno. Mama Otieno alikuwa anauza omena, vile visamaki vidogo vya ziwani, pale kona ya kuteremka. Kwao kulikuwa na stima na kwetu hakukuwa, kwa hivyo mimi nilisomea kwake, mezani, na binti yake Akinyi upande huu na Otieno mkubwa wao upande ule, na yule mama alipita nyuma yetu na sufuria akisema, "Someni, msinipotezee taa." Mtihani wangu wa darasa la nane niliusomea pale. Kusema kweli hata hii theolojia ilianzia pale, maana Otieno alikuwa mtu wa kubishana, anauliza kama Mungu anaweza kuumba jiwe asiloweza kulibeba, na mama yake anamwambia abebe kwanza ule mtungi wa maji ulio mlangoni.

Otieno alipigwa risasi siku ya maandamano. Hakuwa hata ameenda kuandamana, alikuwa anarudi kutoka kazini akakutana na mambo njiani. Wanasiasa walikuja matangani wakiwa na wapiga picha, wakamkumbatia mama yake mbele ya kamera, wakaahidi haki, wakapanda magari yao, na hakuna hata mmoja aliyerudi. Mama Otieno hakusahau. Watu waliendelea kumwita jina la yule mtoto, Mama Otieno, Mama Otieno, na yeye anaitika, lakini akiona gari lenye spika linapita na nyimbo za kampeni alikuwa anaingia ndani anafunga mlango na biashara yote ameiacha nje.

Alipofariki, Akinyi alikuja mpaka kwangu Kawangware kunipa habari mwenyewe, hakutaka kunipigia simu. Tukalia. Tulipotulia akaniambia, "Nafula, kuna kitu mama alisema hospitali. Alisema siku yake hataki mwanasiasa ashike maiki. Hata mmoja. Sasa hivi ni msimu wao, unajua vile watakuja."

"Hawatashika," nikasema.

"Si wewe ndiye unafundisha hayo maneno? Utakaa kando yangu, wakija utawaambia. Mimi sitakuwa na nguvu siku hiyo."

"Akinyi, hiyo niachie mimi."

Akanishika mkono. Akasema pia kwamba mjomba wake, kaka wa pekee wa mama, Mzee Owuor, atakuja kutoka kijijini kwao Ugenya, na yeye ndiye atakayesema neno la familia na kuruhusu mwili uanze safari, ndiyo desturi yao. Nikamuuliza yukoje, maana sikuwahi kumwona. Akasema, "Anko ni mtu tu wa kawaida, mtu wa kanisa." Hayo maneno nikayaweka kichwani vizuri sana. Vizuri kupita kiasi.

Ibada ya kumuaga ilikuwa Jumamosi, uwanjani karibu na kituo cha Olympic, Kibera, na baada yake basi lingeondoka na jeneza kwenda Ugenya, na mimi ndani yake, kumzika. Asubuhi hiyo nilikuwa na semina Kawangware, katika kanisa moja la mabati, na wachungaji wa makanisa madogo madogo, mada ni hiyo hiyo ya kuwanyima wanasiasa maiki, na iliwaka! Wachungaji walipiga makofi, mmoja akasimama akasema angekuwa amesikia haya mapema mengi yasingemkuta. Kwa hivyo nilipopanda boda kwenda Kibera nilikuwa nimejaa sana, nguo yangu nyeusi yenye kola nyeupe (ya mitumba, ya soko la Toi, naipenda sana, sasa siivai) ikipeperuka, na hotuba nzima ya kumzuia mwanasiasa ikiwa tayari mdomoni.

Nilikuta watu wamejaa. Wamefunga kamba kuzunguka hema, na wasichana wenye utepe mweusi kifuani wanazuia watu kuingia mbele. Namwona Akinyi kule mbele, kando ya jeneza, na kiti kitupu kando yake, kiti changu, lakini kati yangu na kile kiti kuna ukuta wa mabega. Nikasukumana, nikaomba njia, nikakanyagwa. Ndipo msichana mmoja wa utepe akaniona, akaangalia kola yangu, uso ukamng'aa.

"Wewe ndio Reverend? Tumekungoja sana!"

Hapo ndipo. Ningesema hapana, mimi ni rafiki wa familia. Lakini niliona kamba imeshainuliwa, watu wanasogea, njia imefunguka yenyewe, nikajiambia nitafafanua huko mbele, ni jambo dogo.

"Eeh," nikasema.

Basi nikapelekwa mbele, lakini si kwa Akinyi. Nilipelekwa jukwaani, kwenye kiti kirefu kilichofunikwa kitambaa cheupe, mbali na familia, mbele ya macho ya watu wote. Akinyi akaniangalia na kukunja uso, kama kuuliza unafanya nini huko juu, nikamwashiria kwamba nitamweleza baadaye. Kumbe mchungaji halisi alikuwa amekwama njiani akitoka Nakuru, gari limemharibikia, na emsii, jamaa mrefu wa suti ya samawati aliyekuwa akiongoza shughuli, alikuwa anatokwa na jasho kama mtu aliyefiwa yeye.

Nikamnong'oneza, "Samahani, mimi si mchungaji. Mimi ni dakta, nafundisha theolojia."

"Sawa sawa," akasema, akashika maiki. "Ndugu na dada, tumebarikiwa, tuko na Reverend Dakta, anakaribia kutuongoza!"

Watu wakasema amina. Ningekataa vipi? (Nimejiuliza swali hilo mara nyingi, na jibu ni rahisi sana: ningekataa kwa mdomo.) Lakini pia, nisiwadanganye, kulikuwa na kitu ndani yangu kilichofurahi. Miaka yote naandika juu ya mimbari, sikuwahi kusimama juu ya mojawapo. Tena nikafikiri, maiki ikiwa mkononi mwangu, nani ataichukua? Nilimwahidi Akinyi kuilinda, na sasa nimeishika mwenyewe.

Nikaanza vibaya. Nilianza kwa kusema kwamba kifo ni swali ambalo falsafa imelizunguka bila kulijibu, na nikaona uwanja mzima unaniangalia kama watu wanaongoja basi ambalo halina dereva. Mama mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa huruma, "Anzisha wimbo, mama." Nikaanzisha. Nikaanzia juu mno, hata mwenyewe nikashindwa kufika pale ubeti ulipopanda, kwaya ya kina mama wa Kisumu Ndogo ikanipokonya wimbo kwa upole ikaushusha mahali unapoimbika. Nilikuwa natokwa na jasho mpaka miguuni. Kando ya jeneza kulikuwa na mwanamume mmoja mfupi, sweta limechakaa, kofia ameishika kwa mikono miwili, analia. Analia kweli kweli, mabega yanatikisika, kina mama wanampa leso. Nikamtazama nikajua: huyu ndiye Anko, mtu wa kawaida, mtu wa kanisa.

Wimbo ulipokwisha emsii akaniinamia. "Reverend, Mheshimiwa amefika. Anaomba dakika moja tu asalimie watu."

Na wakati ule ule, jamani, wakati ule ule, gari kubwa jeusi lenye vioo vyeusi likaingia pembeni mwa uwanja, milango ikafunguka, wakashuka vijana wawili wenye suti, na katikati yao mzee mrefu, mpana, kofia ya kizungu kichwani, fimbo mkononi, anatembea kama mtu aliyezoea kupishwa. Na watu wakampisha. Wazee wa safu ya kwanza wakasimama. Anakuja moja kwa moja jukwaani, mkono mbele, anataka maiki.

Nikasimama. Miaka yangu yote ya kusoma ikasimama pamoja nami.

"Simama hapo hapo," nikasema, na spika zikalipeleka neno mpaka reli.

Mzee akasimama.

"Mama huyu alizika mtoto wake," nikasema, "na nyinyi mkaja mkapiga picha. Mkamkumbatia mbele ya kamera, halafu mkamwacha na mlango wake. Leo hamshiki maiki. Kama umekuja kuomboleza, vua kofia ukae chini kama watu wengine. Kama umekuja kwa shughuli zako, rudi ulikotoka!"

Nyuma huko ambako hawaoni vizuri wakapiga makofi na mbinja. Mbele kukawa kimya, na mimi nikaudhani ule ukimya kuwa ni wa heshima. Mzee alinitazama. Akasema neno moja kwa Kijaluo, polepole, sikulisikia. Akageuka, wale vijana wawili wakageuka naye, wakarudi kwenye gari. Akinyi alikuwa amesimama, anapunga mikono yote miwili, mdomo wazi. Nikadhani ni uchungu, au labda ni kunishukuru. Nikamwashiria kwa kiganja akae, apumzike, kazi nimeshaimaliza.

"Sasa," nikasema, na sauti yangu nikaifanya laini, "tumpe nafasi mwenye haki. Kaka wa marehemu." Nikashuka kutoka jukwaani kwa miguu yangu mwenyewe, nikamwendea yule mwanamume wa sweta lililochakaa, nikamwekea maiki mkononi, na nikamkunjia vidole juu yake.

Alinitazama kidogo. Kuna nafasi hapo, ndogo tu, ambayo angesema hapana, mimi siye. Hakusema. Mimi ni nani nimlaumu?

"Mama Otieno alikuwa mama yangu," akaanza, na kila mtu akatulia. "Alikuwa mama wa Kibera nzima." Amina. "Na mtoto wake alimwaga damu kwa ajili yetu." Amina, lakini chache. "Na ndiyo sababu mwaka huu, watu wangu, nimeamua kujitokeza kuomba kile kiti cha wadi..."

Katikati ya waombolezaji vijana kama wa timu nzima ya mpira wakafungua jaketi zao, na ndani wote wana fulana zenye uso wake. Wakaanza kuimba jina lake. Kumbe yule Mheshimiwa wa emsii ndiye huyu, mgombea mgeni kwenye siasa, mimi wa Kawangware ningemjulia wapi? Nilisimama pale, mikono mitupu.

Akinyi hakupiga kelele. Ningeomba apige kelele. Aliteremka kutoka kwenye kiti akakaa chini kwenye nyasi, akaegemeza paji la uso kwenye jeneza, na kwa kuwa nilikuwa karibu nilimsikia.

"Mama, nisamehe. Wamekuja."

Nilimrukia yule mtu. Nilishika maiki, naye akaishika, tukavutana mbele ya marehemu kama watoto wanaogombea muwa, spika zikapiga yowe mpaka watu wakaziba masikio. Alikuwa na nguvu kuliko alivyoonekana. Nikaiacha, nikakimbia nyuma ya hema, nikazima jenereta. Alipokosa sauti akaendelea kwa kupaza, lakini hapo kina mama wa kwaya wakasimama, hakuna aliyewaambia, wakaanza kuomboleza kwa wimbo wa kwao wa matanga, mmoja anaongoza na wengine wanaitika, wanamzunguka, wanasogea, wanamkaribia, sauti juu ya sauti, mpaka yule mgombea akawa anafungua mdomo na hakuna kinachosikika. Wakamsindikiza hivyo hivyo kwa wimbo mpaka nje ya kamba, yeye na fulana zake zote. Sijawahi kuona mtu akifukuzwa kwa machozi.

Nikarudi kwa Akinyi, nikachuchumaa.

"Akinyi..."

"Yule uliyemfukuza," akasema bila kuinua kichwa, "ni Anko Owuor."

Kumbe Mzee Owuor ni bwana jela mstaafu, ndiyo maana ule mwendo, na gari aliazimwa na jirani yake wa Ugenya ili amsindikize dada yake nyumbani kwa heshima, na wale wa suti ni watoto wake. Kwa Akinyi alikuwa mtu wa kawaida kwa sababu alimbeba mgongoni akiwa mdogo. Sasa alikuwa ameketi ndani ya gari, kioo kimefungwa, na alishatuma neno kwa mtoto wake mmoja: ametukanwa mbele ya jeneza la dada yake, haondoki pale na mwili hauondoki, mpaka ajue aliyemtukana ni mchungaji wa kanisa gani.

Emsii akaniambia, "Reverend, nenda wewe."

Nikavuka uwanja. Uwanja mzima ulikuwa kimya na simu ziko juu, nazisikia hata bila kuziangalia. Nilipofika kwenye gari nikagonga kioo, hakikufunguka, na kwa vile alikuwa amekaa chini na mimi nimesimama juu yake nikaona si adabu, nikapiga magoti. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Hiyo ndiyo sehemu mnayoijua.

Kioo kikashuka kidogo.

"Wewe ni mchungaji wa kanisa gani?" akauliza.

"Mimi si mchungaji, Baba."

"Wamesema Reverend."

"Waliniita hivyo nikanyamaza. Mimi ni mwalimu wa chuo. Nimekulia mlango wa mbele ya dada yako. Alinilisha."

Akauliza, "Unafundisha nini?"

"Theolojia ya siasa."

"Hiyo ni nini?"

Swali hilo nimelijibu darasani, nimelijibu mbele ya maprofesa, lina ukurasa mzima katika kitabu changu. Pale kwenye matope ule ukurasa haukunifaa. Nikasema, "Ni kama... kumjua mtu anayetumia jina la Mungu kujipatia ukubwa. Kumtambua."

Mzee Owuor akanitazama, kwanza kola, halafu magoti.

"Na mimi ulinitambua?"

Nikalia. Sikulia kwa ujanja wa kuombea msamaha, nililia kama nilivyolia siku tuliyoambiwa Otieno hayuko. Nikamwambia kwamba Mama Otieno ndiye aliyekataza wanasiasa, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumlindia neno lake, na nimempa maiki yule yule aliyekatazwa na kumnyima yule aliyengojwa. Sikuwa na jambo lingine la kujitetea.

Alifungua mlango polepole, akanipa mkono niinuke. Mkono wake ulikuwa mzito. "Dada yangu pia alikuwa anafukuza watu kabla ya kuuliza majina," akasema. "Alinifukuza mimi siku ya arusi yake." Hakutabasamu aliposema hivyo.

Akatembea mpaka kwenye jeneza, akavua kofia. Jenereta lilikuwa bado limezimwa na hakutaka liwashwe. Aliongea kwa sauti yake tu, Kijaluo, halafu Kiswahili kwa ajili ya majirani wa Kinubi waliokuja kumuaga, kwamba dada yake aliondoka kwao akiwa msichana na hakuwahi kurudi kulalamika hata siku moja, na kwamba sasa anarudi na wampokee vizuri. Ilikuwa fupi. Kisha akageuka upande wangu.

"Mchungaji hajafika na njia ni ndefu. Wewe mwalimu, tuombee tuondoke. Usiseme mengi."

Lazima niwaambie kitu hapa. Mimi huandika juu ya maombi, huyachambua, najua historia yake. Lakini kuomba mwenyewe, kwa sauti, nilikuwa sijaomba tangu tumzike mama yangu. Nikaweka mkono juu ya ubao wa jeneza. Nikasema, "Mungu, huyu ni Mama Otieno. Unamjua. Mpatie Otieno wake." Nilitaka kuongeza, nikakumbuka nimeambiwa nisiseme mengi, basi nikasema amina na watu wakaitika.

Wakabeba jeneza, wakaliingiza kwenye basi. Nilifuata na begi langu, na nilipoweka mguu kwenye ngazi Akinyi akageuka mlangoni. Macho yake yalikuwa makavu.

"Wewe baki, Nafula," akasema. "Leo siwezi kukuangalia safari nzima."

Nikabaki. Basi likaondoka, kina mama wakiimba madirishani. Aliyenisomesha kwa taa yake sikumzika. Watu huuliza kilichoniuma zaidi ni ile video au ni nini, na huwa siwajibu, lakini ni hilo. Nilirudi Kawangware kwa miguu, magoti yamekauka matope, na njiani watu wasionijua wakiniona na ile kola wananiambia, "Pole, Reverend," na simu ikitetemeka mfukoni bila kupumzika.

Mhadhara niliutoa. Wote walikuwa wameiona. Nilipomaliza, profesa mmoja mzee alinyoosha mkono akauliza kwa upole, "Dakta, kama mwandishi mwenyewe ameshindwa kumtambua mwanasiasa, msomaji wako afanyeje?" Ukumbi ukacheka. Nikamwambia afanye kile ambacho mimi sikufanya, ashuke jukwaani akamuulize aliyefiwa. Hawakucheka tena, lakini cheo pia hawakunipa. Waliniambia nisubiri, na sijawalaumu, maana sura ya mwisho ya kile kitabu nimeanza kuiandika upya na siipati.

Akinyi aliporudi kutoka Ugenya nilimpa muda, halafu nikaenda Kisumu Ndogo. Nilimkuta kwenye kona ya mama yake, anachagua omena, anatoa mawe. Aliniona akaendelea kuchagua.

"Anko anakusalimia," akasema hatimaye. "Anasema umpelekee hicho kitabu. Anataka kuona kama umemtaja."

"Na wewe?"

"Mimi bado nina hasira."

"Najua."

"Haijaisha, na usinihubirie iishe." Akasukuma kigoda kwa mguu. "Kaa basi, umenisimamia kama askari."

Nikakaa, nikavuta ungo, nikaanza kuchagua upande wangu. Tangu hapo nimejiwekea nadhiri, na nyinyi mnishuhudie. Nikiitwa kwenye matanga nakwenda mapema, nafunga leso, nakaa nyuma jikoni na wanaomenya viazi. Mtu akiniuliza mimi ni nani namwambia jina langu na jina la mama yangu, na akitaka kunijengea mengine juu yake namkatiza kabla hajamaliza. Na mtu akinipa maiki, awe nani, saa yoyote ile, nampa aliye karibu na jeneza, lakini kwanza namuuliza: samahani, wewe ni nani wa marehemu?